Masika tupige mjini

Nina mikoba miwili nyumbani. Mmoja una bisibisi, koleo na geji za gesi, kwa sababu mchana mimi ni fundi wa viyoyozi na mafriji. Wa pili una fidla. Yote miwili huingia hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, ila kwa milango tofauti. Agosti napitia mapokezi, nimevaa kanzu na koti, na mlinzi ananiita msanii. Aprili, hoteli ikiwa imefungwa kwa matengenezo, napitia geti la nyuma, na mlinzi yule yule ananiita fundi.

Kila mwaka, mvua za masika zikianza kunyesha, wenzangu wa muziki huagana kana kwamba mtu anasafiri: "Muziki umekwisha, tuonane Juni." Mimi neno hilo linaniuma. Muziki haujakwisha, wageni ndio wameondoka. Sisi tunaopiga vyombo hapa Zanzibar tumeiacha kalenda ya hoteli ikawa kalenda ya muziki wetu wa taarabu, na naamini kwa moyo wangu wote kwamba tunapoteza kitu ambacho hatutakipata tena kwa urahisi.

Kwanza niieleze kalenda yenyewe, maana anayekuja kutusikiliza usiku mmoja hawezi kuijua. Mpigaji wa Unguja anatawaliwa na miezi ya aina mbili. Upande mmoja kuna miezi ya Januari hadi Desemba, inayokwenda na pepo na mvua. Kusi linavuma kuanzia Juni, pwani inajaa hadi Oktoba. Vuli inapita, kisha Desemba hadi Februari kaskazi inaleta jua kali na wageni wengine, na Februari kuna tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, linalofanyika tangu 2004 (mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha). Machi mwishoni hadi Mei ni masika, na hoteli nyingi za Paje, Jambiani na Nungwi zinapunguza kazi au zinafunga kabisa.

Upande wa pili kuna miezi ya mwandamo, na hiyo ndiyo inayoamua harusi. Rajabu na Shaabani watu wanaharakisha kuozesha kabla ya mfungo. Ramadhani kimya, vyombo vinafunikwa. Idd ikiingia, Mfunguo Mosi, simu zinaanza tena kulia.

Sasa miezi ya mwandamo inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2021 na 2022 mfungo ulituangukia Aprili, ndani ya masika. Ukimya wa mvua na ukimya wa mfungo ukawa mmoja, na tukipumzika tunapumzika mara moja. Mambo yamebadilika. Mwaka 2026 Ramadhani ni ya Februari na Machi, inakula mkia wa kaskazi, na ukiitoka unaangukia masika. Ni pengo juu ya pengo. Na inaendelea kurudi: mwaka 2030 tutafunga mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba, wiki zile zile ambazo hoteli hulipa vizuri kuliko zote. Kijana anayeanza leo kuishi kwa fidla au udi na apige hesabu hiyo sasa, asingoje imkute.

Hoteli siidharau. Imenisomeshea mtoto. Imewapa kazi vijana waliopita Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki kilichoanza 2002, vijana wanaosoma nota vizuri kuliko mimi na wanaostahili kulipwa kwa hilo. Bila hoteli wengi wao wangekuwa wameshaviweka vyombo juu ya kabati.

Lakini tazama hoteli inavyotupunguza. Kundi letu ni watu kumi na mmoja. Hoteli inataka wanne. Wa kwanza kuachwa ni waitikiaji, kisha dabal besi kwa sababu haiingii garini, kisha kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, kwa sababu kuitia sauti kunachukua muda na wageni wameshakaa mezani. Mwisho wanasema kibodi moja itaziba mapengo yote. Na kweli inaziba, kwa sikio la mtu anayekula. Bashrafu, ule mtungo wa vyombo vitupu unaofungua taarabu, sijawahi kuombwa hotelini hata mara moja. Wimbo wa beti sita unakuwa wa beti mbili. Kwa usiku mmoja tunaweza kuombwa mara tatu ule wimbo wa salamu ambao kila mgeni anaujua kabla hajashuka ndege, na tunaupiga, kwa sababu ndio tulioitiwa.

Agosti iliyopita tulikuwa tumekaa kwenye jukwaa la mbao, hatua ishirini kutoka majini. Kusi lilikuwa linavuma hadi maiki zinaguruma zenyewe. Karatasi za nota nimezibana kwa vibanio vya nguo, vinne kila ukurasa. Chembe za mchanga zilikuwa zinagonga ubavu wa fidla, nazisikia kwa kidevu kabla ya masikio. Mwimbaji wetu alifika kwenye ubeti ambao mjini huwafanya akina mama wainuke. Akauimba kwa macho yaliyofumba, vizuri sana, kuliko nilivyowahi kumsikia. Alipofumbua macho, mhudumu alikuwa anapita mbele yake na sinia la sahani chafu. Hakuna aliyekosea pale. Wageni hawajui Kiswahili, mhudumu yuko kazini, na sisi tumelipwa. Lakini ubeti ule uliondoka na upepo.

Nenda na mwimbaji yule yule harusini Ng'ambo, mitaa ya mjini, mwezi wa Shaabani. Akifika kwenye neno lile lile, utaona mwanamke mmoja ameinuka kutoka katikati ya ukumbi, noti ameishika juu kwa vidole viwili, anacheza taratibu kuelekea jukwaani, na kila mtu ukumbini anajua anamtunza mwimbaji kwa sababu gani na ujumbe unamwendea nani. Nyuma yake wanafuatana wengine wanne. Mwimbaji anaurudia ubeti mara tatu, mara nne, na sisi wapigaji inabidi tumfuate kwa jicho, hatuna nota ya jambo hilo. Hapo ndipo mtu anapojifunza kupiga. Nimejifunza zaidi katika kidumbak, ile taarabu ya ngoma ya harusini, nikiwa na fidla yangu kati ya sanduku, yaani besi ya boksi na uzi, na vidumbak viwili, zile ngoma ndogo, kuliko katika misimu kumi ya pwani.

Kuna wanaosema mpigaji wa muda, mwenye kazi nyingine mchana, si mwanamuziki kamili, na kwamba taarabu itasimama tu siku tutakapokuwa na ajira za kudumu mahotelini. Sikubaliani nao. Siti binti Saad alikuwa akitembeza vyungu vya Fumba mitaani kabla hajawa mwimbaji, na mwaka 1928 ndiye aliyekwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Ikhwani Safaa, iliyoanza 1905, na Culture Musical Club ya 1958 ziliundwa kuwa klabu, mahali pa watu kukutana baada ya kazi zao wakapiga na kuimba. Kupiga baada ya kazi ndiyo asili yetu. Kilichokuwa kikiwashika wale wazee ni wanachama wenzao, mazoezi ya usiku, na watu wa mji waliokuwa wakiwangoja sikukuu hadi sikukuu.

Nitasema neno moja juu ya malipo, kisha niliache. Kazi nyingi za pwani zinakubaliwa kwa mdomo. Nimewahi kufika hoteli moja, safari ya kama kilomita hamsini kutoka mjini, nikaambiwa mvua imenyesha, chakula kimehamishiwa ndani, muziki hauhitajiki. Gari la kukodi tulilipa wenyewe, maana usiku ule hakuna daladala ya kurudi. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu 2003, na ni jambo jema kwa mtunzi na kwa aliyerekodi. Lakini mpiga dumbak wa Jumamosi usiku anahitaji kitu cha chini kuliko hicho: karatasi moja yenye tarehe, saa, malipo, na nusu yake kulipwa hata kazi ikivunjwa siku ile ile. Tangu tulipoanza kuidai karatasi hiyo, hoteli mbili zimetuacha na nne zimeikubali.

Turudi kwenye masika. Watu wanadhani vyombo vinapumzika wakati huo. Kwa kweli ndio wakati vinapotaka kushikwa zaidi. Unyevu ukizidi, funguo za fidla zinavimba na kukwama, inabidi uzizungushe kila siku la sivyo zitagoma. Nyuzi za chuma zinashika kutu pale kidole kinapokaa. Ngozi ya kanuni inalegea na kila uzi unashuka, na mwenye kanuni yetu huweza kukaa saa nzima na ufunguo wake mdogo akipandisha nyuzi zaidi ya sabini, akamaliza, akaanza upya. Mtu asiyezoea ataona ni mateso. Mimi nikimtazama naona ndiyo ibada ya kazi yetu, na ni masika tu yanayotupa nafasi ya kuifanya bila mtu kutuuliza tunaanza saa ngapi.

Basi masika yaliyopita tulifanya tulilokuwa tukilizungumza kwa miaka. Tuliomba ukumbi wa skuli moja mjini, kila Alhamisi baada ya Isha, kwa wiki sita. Kundi zima, watu kumi na mmoja, dabal besi ikiletwa kwa gari la mkono chini ya turubai. Kiingilio kidogo mlangoni, watoto bure. Tulikubaliana mambo mawili tu: tunafungua kwa bashrafu, na nyimbo haziendi nusu.

Alhamisi ya kwanza walikuja watu kumi na tisa, nusu yao jamaa zetu. Ya pili mvua ilipiga bati hadi kanuni ikawa inaonekana tu, haisikiki. Ya tatu umeme ulikatika kabla hatujaanza. Tukawasha taa za simu, tukasogeza viti hadi magoti ya wasikilizaji yakakaribia kugusa upinde wangu, tukapiga bila spika. Nilihesabu watu arubaini na wawili. Sijasikia kundi letu likitoa sauti kama ile, na sidhani kama tungeisikia tungekuwa na umeme.

Pesa? Tuligawana, kila mmoja akapata nauli na kidogo cha mkate. Asiyeweza kupiga kwa malipo hayo simlaumu, kila mtu na majukumu yake. Lakini masika Mungu kayaleta tayari, ukumbi wa skuli usiku umekaa bure, na mji una watu ambao hawajasikia taarabu ya vyombo kamili tangu harusi zilipoanza kuita kibodi na spika kubwa. Hatuhitaji kungoja mfadhili. Tunahitaji kundi moja lichukue Alhamisi, jingine Jumanne, na watoto wa mtaani waachwe wakae mbele kabisa.

Usiku ule wa giza ndipo lilipotokea lililonifanya niandike haya. Tulipomaliza bashrafu, iliyokuwa ya Rasti, moja ya ngazi za sauti tunazopigia taarabu, mzee mmoja mwenye kofia ya viua aliinuka kwenye safu ya pili. Namfahamu kwa sura, miaka mingi nyuma alikuwa mpiga udi. Akaja hadi kwangu, si kwa kanuni wala kwa udi.

"Mwanangu, wewe msimu huu ulikuwa unapiga na kibodi?"

"Ndiyo, Maalim. Kusi yote, na kaskazi pia."

"Nimekisikia kidole chako. Kimepanda."

Alikuwa anasema juu ya sauti ya tatu ya Rasti, ile inayokaa chini kidogo ya mahali kibodi inapoiweka. Kwenye fidla hakuna alama yoyote ya kukuonyesha, kidole kinakwenda kilipozoeshwa. Changu kilikuwa kimezoeshwa hotelini, usiku baada ya usiku, na mimi sikujua.

Akaniambia nipige tena. Nikapiga. Akasema bado. Watu wote wametulia, mvua inadondoka ukingoni mwa bati. Akashika kidole changu cha pili kwa vidole vyake vikavu, akakivuta nyuma kwenye uzi, upana wa punje ya mchele labda, akakiacha hapo.

"Haya, kokota."

Nikakokota upinde. Mwenye kanuni akacheka peke yake gizani, akaifuata sauti ile, na mzee akarudi kukaa.