Mlio wa THX Kwenye Mkanda wa Video: Majigambo au Kipimo?

Kioo kinakuwa cheusi. Sauti nyingi zinaanza kuvuma ovyo kama nyuki waliochokozwa, zinatawanyika, kisha zinakutana kwenye mlio mmoja wa kutikisa kabati, na herufi THX, nembo ya ubora wa sauti na picha, zinang'aa. Waliotazama mikanda ya VHS ya filamu za Kimarekani miaka ya 1990 wanaukumbuka. Siku hizi nasikia wengi wakiuita ulaghai: nembo inajisifia sauti ambayo mkanda wenyewe hauwezi kuibeba.

Shutuma hiyo ina mashiko. Deki ya kawaida ilisoma sauti kwenye ufito mwembamba pembezoni mwa mkanda, na mkanda wa VHS wa PAL (mfumo wa televisheni uliotumika kwetu) hupita kwa sentimita 2.34 tu kwa sekunde. Kaseti ya kawaida ya redio, ile ile ya taarab, huenda 4.76. Yaani mkanda wenye nembo ya fahari ulikuwa ukijikokota kwa nusu ya mwendo wa kaseti, na mwendo ukipungua, sauti kali za juu ndizo zinazokufa kwanza. Deki za Hi-Fi ziliepuka hilo kwa kuandika sauti kwa vichwa vinavyozunguka, lakini nyumbani kwetu ilikuwa mono, na televisheni ya spika moja. Mlio ule mkuu ulitoka kama debe.

Nembo ya Dolby Surround, mfumo wa sauti ya kumzunguka msikilizaji, ilikuwa na kasoro kubwa zaidi. Njia nne za sauti (kushoto, kulia, kati na nyuma) zilisokotwa ziwe mbili, na sauti ya nyuma ikaingizwa kwa namna ambayo mawimbi yake upande mmoja yanapingana na ya upande wa pili. Zijumlishe ziwe moja, kama mono inavyofanya, na sauti ya nyuma inajifuta. Kile hasa nembo ilichokutangazia ndicho usichokisikia.

Wakosoaji huishia hapo, nami naona wameacha nusu ya habari. THX haikuwa mfumo wa kurekodi hata kidogo. Ni viwango vilivyoanzia Lucasfilm, kampuni ya filamu za Star Wars, kwa kazi ya mhandisi wa sauti Tomlinson Holman, vikalenga kumbi za sinema kuanzia 1983. Muhuri wake kwenye mkanda, kama ule wa Star Wars ya 1995, ulizungumzia uangalifu wa kuhamisha picha na sauti hadi kwenye nakala mama. Spika yako haikuhusika. Kwamba hawakulieleza hilo ni kosa lao, na Tex, roboti wao wa katuni aliyetokea pamoja na nembo hiyo, hakuwa mwalimu.

Lakini mlio wenyewe ulifundisha. Mhandisi James Moorer aliutengeneza kwa kompyuta: sauti 30 zinaanzia kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 200 na 400, pale ambapo hata spika duni inajimudu, halafu zinatanuka juu na chini hadi karibu hezi 37. Spika ndogo ya televisheni haijui hezi 37 ni kitu gani. Mtu asiye na chombo chochote cha kupimia alipewa, kwa nusu dakika, mlio ule ule, mkanda baada ya mkanda. Filamu haiwezi kukupa hilo, kwa kuwa hujui mwenye filamu alikusudia usikie nini. Kujirudia huko kunakowachosha watu ndiko kulikoufanya uwe kipimo.

Ndiyo, lilikuwa pia tangazo la biashara, na muhuri haukutolewa bure. Na kwenye vibanda vya video, ambako filamu ilisimuliwa upya kwa Kiswahili, mlio huo ulikuwa ishara ya kuwanyamazisha watoto tu.

Miaka ilipita nikapata deki ya Hi-Fi ya mtumba, nikaiunga kwenye redio yenye spika mbili. Muziki nikauona mzuri tu. Nikaweka mkanda wenye mlio ule: ulipofika chini, pale pa kutikisa kabati, besi ikayeyuka. Nikachungulia nyuma ya spika ya kushoto. Waya mwekundu ulikuwa umekaa kwenye tundu jeusi, na mawimbi ya spika mbili yakawa yanafutana.