Barua ya Kiwandani Haifiki Tabata

Breki ikichoka italia. Injini ikichoka itatoa moshi, na majirani watakwambia kabla hujajua mwenyewe. Lakini kile chuma kinachoshikilia kiti cha mtoto kwenye gari hakisemi kitu. Kinaweza kuwa kilichomelewa vibaya tangu kiwandani, na wewe ukapita nacho Mandela Road kila asubuhi, mwaka hadi mwaka, ukidhani uko salama. Utakachokijua utakijua siku ya ajali. Kwa hiyo kampuni inapotangaza kuyaita magari yake yarudi kwa sababu ya nanga za viti vya watoto, au mikanda ya siti za nyuma, taarifa hiyo inatuhusu sisi tunaonunua magari yaliyotumika Japani kuliko mtu yeyote. Na sisi ndio hatuipati.

Wengi wetu hata chuma chenyewe hatujawahi kukiona. Ingiza vidole pale kiegemeo cha siti ya nyuma kinapokutana na sehemu ya kukalia. Ukigusa vyuma viwili vyembamba, vya milimita 6, vimeachana sentimita 28 hivi, hiyo ndiyo ISOFIX, mfumo wa nanga za kufungia kiti cha mtoto. Magari mengi yana nanga ya tatu nyuma ya siti au kwenye buti, ya kufungia mkanda wa juu ili kiti kisipinduke kwenda mbele. Marekani ilitaka magari mapya yote madogo yawe na mfumo wa namna hiyo kufikia Septemba 2002. Japani iliulazimisha kwa magari mapya kuanzia Julai 2012. Maana yake ni kwamba gari la 2008 ulilonunua linaweza kuwa nao au lisiwe nao. Kama haupo, kiti cha mtoto kinafungwa kwa mkanda wa kawaida wa gari, na mkanda huo ndio nanga yako.

Sasa tuongelee Vanguard, maana barabara za Dar na Nairobi zimejaa Vanguard. Februari 2016 Toyota ilitangaza kuyaita magari yapatayo milioni 2.87 duniani kote, RAV4 pamoja na ndugu yake Vanguard iliyouzwa Japani. Kosa lilikuwa dogo kwa macho: fremu ya chuma ndani ya siti ya nyuma ingeweza kuukata mkanda kwenye ajali kubwa ya uso kwa uso. Kampuni ilikuwa imepata habari za ajali mbili, moja Kanada na nyingine Marekani, ambako mikanda ya nyuma ilikatika. Dawa yake ilikuwa kifuniko cha plastiki ngumu cha kuvisha ile fremu. Basi. Kazi ya muda mfupi gereji, na mwenye gari halipi hata senti.

Lakini ni mwenye gari yupi? Barua ya wito hutumwa kwenye anuani ya mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake. Gari likitoka Japani kuja kwetu, usajili wake wa kule hufutwa. Ile karatasi ya kufutiwa usajili ndiyo tunayoikuta kwenye bahasha ya nyaraka tunapogomboa gari bandarini. Kwa Japani gari hilo limeshakufa. Kwetu ndiyo kwanza limezaliwa, lina namba mpya na jina jipya kwenye kadi, na kiwanda hakina habari nalo. Toyota ilipotangaza ule wito wa 2016, kuna Vanguard zilizokuwa zimeshazoea kupanda mlima Kitonga. Nani angewaandikia wenye nazo?

Watu huniambia niingie mtandaoni nikaangalie. Ni kweli, inawezekana, ila wanaosema hivyo mara nyingi hawajajaribu. Ile tovuti ya serikali ya Marekani inayosifiwa sana inataka namba ya chesesi yenye tarakimu na herufi 17. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina namba ya hivyo. Lina namba fupi inayoanza na msimbo wa modeli, kama ACA33 kwa Vanguard, kisha kistari na tarakimu. Ukiiweka kule inakataa. Pa kwenda ni kwenye ukurasa wa Kijapani wa kampuni yenyewe, wenye kisanduku cha kuandika namba hiyo, na Wizara ya Uchukuzi ya Japani nayo ina kumbukumbu zake za kutafuta. Simu itakutafsiria, kwa Kiswahili cha kuchekesha kidogo, lakini utaelewa. Mtu mwenye bando na subira ataweza. Baba anayelisha familia kwa gari la biashara hana muda huo, na sioni haki kumbebesha yeye kazi ya kukagua alichouziwa.

Halafu kuna uharibifu tunaoufanya wenyewe, ambao hakuna kiwanda kitakachotuandikia barua juu yake. Gari likifika, la kwanza ni kulipeleka kwa fundi wa kushona viti. Nilisimama pembeni fundi mmoja akivuta lile kava jipya la ngozi ya bandia, akaubana ule mpasuko wa siti ya nyuma na kuufunga kwa uzi. Nikamuuliza vile vyuma vya kiti cha mtoto viko wapi. "Aa dada, vile huwa vinatoboa kava. Nimevifunika, havionekani tena." Alisema kwa fahari kabisa, na kazi yake ilikuwa safi. Simlaumu, hakuna aliyewahi kumwambia ni vya nini. Ninaogopa zaidi wale wanaong'oa siti za Noah na Hiace ili waongeze mstari mmoja wa abiria, miguu ya siti ikachomelewa kwenye bati la sakafu na mashine ya kuchomelea mageti. Siti yenyewe haina uhakika, sembuse kiti cha mtoto juu yake.

Najua jibu linalokuja: nani ana kiti cha mtoto hapa? Tunapakata. Ni kweli, na sheria imechangia. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 iliandikwa bila kuwaza vifaa vya kumfunga mtoto, na wanaharakati wamepiga kelele miaka mingi irekebishwe. Lakini wanaonunua viti hivyo wanaongezeka, na wanavinunua kwa sababu vinafanya kazi. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani inakadiria kuwa kwenye magari madogo kiti kilichofungwa sawasawa hupunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71, na vya wenye mwaka 1 hadi 4 kwa asilimia 54. Neno la kushika hapo ni "sawasawa". Mzazi aliyejinyima akanunua kiti amefanya sehemu yake. Kilichobaki kiko mikononi mwa walioleta gari. (Na kiti chenyewe kikiwa cha mtumba, soma lebo ya nyuma. Mwaka 2014 Graco, kampuni ya viti vya watoto, iliita viti zaidi ya milioni 6 Marekani kwa sababu ya vifungo vinavyogoma kufunguka, na mitumba huvuka bahari bila kuulizwa.)

Ninachotaka hakihitaji bunge wala mkopo wa Benki ya Dunia. Magari yanayoingia yanakaguliwa tayari, kwetu chini ya shirika la viwango TBS, Kenya chini ya lao, KEBS. Wanaangalia breki, taa, matairi, na Kenya wanapima hata mionzi. Gari linapimwa mionzi, lakini hakuna anayeandika namba ya chesesi kwenye kile kisanduku cha Kijapani kuona kama lina wito ambao haujafanyiwa kazi! Japani wenyewe hawana huruma kwenye hili. Tangu Mei 2018, gari lenye mfuko wa hewa wa kampuni ya Takata uliotajwa kuwa hatari na ambao haujabadilishwa linanyimwa cheti cha ukaguzi, yaani haliruhusiwi kuendelea kutembea barabarani kwao. Kama wameweza kuunganisha wito na ukaguzi, na sisi tunalipia ukaguzi, kisanduku kimoja zaidi kwenye fomu kinashindikana vipi? Marekebisho ni ya bure gari likiwa bado kule. Likishafika hapa, fundi wako atakutafutia "kifuniko cha fremu" Kariakoo na atakuletea kitu kingine kabisa.

Mpaka hapo kisanduku kitakapoongezwa, ukifika yadi omba namba ya chesesi kabla hujatoa kishika uchumba. Muuzaji akikujibu kuwa gari "halina tatizo lolote, dada yangu, ni la bibi wa Kijapani alikuwa anaendea sokoni tu," mwambie sawa, na namba je?