Kuta za Vibarua Nazo Zilindwe

Nikisikia tajiri amenunua nyumba ya kale ya shambani iliyogawanywa zamani kwa familia mbili tatu, kisha anabomoa kuta za ndani ili "airudishie asili yake", roho huniuma. Asili ipi hiyo, na ya nani?

Kusini-mashariki mwa Uingereza, hasa Kent na Sussex, zimejaa nyumba za mbao za mwaloni walizojenga wakulima wenye uwezo tangu karne ya 14. Katikati palikuwa na ukumbi usio na dari. Moto ulikokwa sakafuni, moshi ukajitafutia njia paani. Baadaye wenyewe wakaweka dohani ya matofali na sakafu ya juu. Walipohamia nyumba mpya, hizi za kale zikagawanywa na kupangishwa vibarua wa mashamba.

Na waligawa kwa akili. Dohani ile ikawa mpaka, kila familia na meko yake, migongo imepeana. Penye nguzo za zamani zikafungwa fito, udongo ukakandikwa, ukuta ukasimama. Ukatobolewa mlango wa pili, na ngazi nyembamba ikabanwa ubavuni mwa dohani. Panda darini na taa: makombamoyo ni meusi kwa masizi ya ule moto wa sakafuni, upande huu wa ukuta na upande wa pili. Hapo ndipo unapojua kwamba majirani hawa walikuwa wakilala ndani ya ukumbi mmoja.

Mfano maarufu ni Clergy House ya Alfriston, Sussex. Ni nyumba ya karne ya 14 iliyoezekwa kwa nyasi, na sakafu ya ukumbi wake ni chaki iliyoshindiliwa na kupakwa maziwa yaliyoganda. Iliwahi kukaliwa na vibarua, ikachakaa, ikanusurika kubomolewa. Mwaka 1896 National Trust, taasisi ya Uingereza ya kuhifadhi majengo na maeneo ya kale, iliinunua kwa pauni 10, likawa jengo la kwanza kabisa kununuliwa na taasisi hiyo. Leo ukumbi uko wazi hadi paani, na unapendeza kweli. Lakini si lazima kila nyumba ya aina hiyo irudishwe karne ya 14. Vibarua hawakuacha majumba wala makaburi ya marumaru. Alama yao ni ule ukuta wa udongo na ngazi iliyolika kwa miguu yao.

Sheria ya huko inataka ruhusa kabla ya kugusa hata sehemu za ndani za jengo lililoorodheshwa na serikali kuwa la urithi. Mimi naona ruhusa ya kuvunja ukuta wa kugawa itolewe kwa uzito uleule wa kuvunja ukuta wa nje. Anayetaka nafasi zaidi atoboe mlango mmoja wa kupitia, chini, na ngazi zote mbili zibaki.