Baa ya chumba kimoja na sheria ya sigara

Hapa Tabora, ambako tumbaku imesomesha watoto wengi na mabani yake ya kuikaushia ni sehemu ya mandhari ya Urambo na Kaliua, anayetaka sigara zipigwe marufuku ndani ya baa huonekana adui wa mkulima. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya tumbaku yetu huuzwa nje ya nchi. Mwenye hoja ya kusikilizwa ni mwenye baa ndogo.

Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inaruhusu kutengwa kwa sehemu maalumu ya wavutaji. Mwenye hoteli kubwa anacho chumba cha kutenga; mwenye baa ya chumba kimoja na meza sita atatenga nini? Malalamiko ya namna hiyo yalifika katika Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, na tarehe 30 Julai 2008 wenye baa ndogo za Berlin na Baden-Württemberg walishinda, kwa sababu sheria ilizipa nafuu baa zenye vyumba vya ziada na kuwaachia wao hasara. Hata hivyo, mahakama hiyohiyo ilitamka kwamba marufuku kamili, inayowabana wote sawasawa, isingevunja katiba. Kilichoangushwa, basi, ni upendeleo. Jirani zetu Uganda walitunga sheria kali mwaka 2015, kampuni ya British American Tobacco ikaipinga, na mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ikalitupa shauri hilo.

Wanaosema asiyetaka moshi aende baa nyingine wanamfikiria mteja tu. Mhudumu je? Ndiye anayemwaga kisahani cha majivu, anafuta meza, anainama kati ya wavutaji wawili kuchukua chupa tupu, kisha anarudia hayo hadi usiku wa manane na kwenda kumnyonyesha mtoto kwa gauni linalonuka sigara. Ibara ya 14 ya Katiba yetu, inayompa kila mtu haki ya kuishi na kuhifadhiwa maisha yake, inamhusu yeye kabla ya mwingine yeyote.

Kwa hiyo ningependa nafuu ya vyumba maalumu ifutwe kwa wote, hoteli kubwa zikiwamo. Hofu ya kupoteza wateja naielewa, lakini baa zetu nyingi zina ua, na Tabora haijapungukiwa miembe: mvutaji atatoka, atavuta kivulini dakika tano, na bia yake ataikuta mezani.