Kabla hujapiga Windows upya, ingia BIOS kwanza

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea laptop yake ndani ya mfuko wa kitenge, ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Hii imekufa. Fundi kaniambia ipigwe Windows upya, ila humu ndani ndimo zilimo picha zote za marehemu mzee." Usiku wa kuamkia siku hiyo ilikuwa imejisasisha yenyewe: iliandika isizimwe, ikajizima na kujiwasha mara mbili. Asubuhi ikaleta kioo cha bluu na maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE, na kila ikiwashwa inarudi palepale.

Windows ya mwalimu haikuwa na kosa lolote. Kilichosasishwa ni BIOS, ile programu inayokaa kwenye chipu ya mazabodi, inayoamka kabla ya kitu kingine chochote na kuikabidhi Windows diski yake. Ikishasasishwa, mara nyingi inarudi kwenye setingi za kiwandani, na kila kilichowahi kubadilishwa humo kinafutika.

Na kwenye mashine ya mwalimu kuna kitu kilibadilishwa. Laptop nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 hutoka kiwandani zikiwa na VMD imewashwa, setingi ya BIOS inayozisimamia diski kwa njia inayohitaji draiva yake maalumu, na ukitaka kupiga Windows unaambiwa hakuna diski. Mafundi tunajua dawa yake: zima VMD, diski inaonekana, kazi inaendelea. Mteja hatumwambii. Miaka miwili baadaye sasisho linaiwasha tena VMD, na ile Windows iliyowekwa bila draiva yake inaanza kuitafuta diski isiione.

Nilibonyeza F2 kuingia BIOS, nikashuka kwa mshale hadi sehemu ya diski. VMD: imewashwa. Nikaizima, nikabonyeza F10 kuhifadhi. Zile nukta nyeupe zikazunguka, kisha likatokea jina la mwalimu, na nyuma yake picha ya mzee amevaa kanzu, ameegemea mlango. Mwalimu alikaa kimya muda mrefu. Kazi yote haikufika dakika tano.

Ndiyo maana naumia nikisikia "piga Windows upya" ikitolewa kama panadol. Kwenye SSD, diski za kisasa zisizozunguka, ni hatari zaidi kuliko zile diski za zamani za kuzunguka. Ukishaifomati, amri ya TRIM huiruhusu SSD isafishe sehemu zilizokuwa na mafaili, na programu za kurudisha data mara nyingi zinakuta patupu. Picha zile zingekwenda kwa sababu ya setingi moja.

Kisa cha pili kinachowatesa watu ni BitLocker, kufuli ya Windows inayoifunga diski nzima. Baada ya sasisho, kioo kinadai ufunguo wa tarakimu 48. Chipu ya TPM ndiyo inayotunza siri ya kufungulia diski, na inaiachia pale tu inapoona mashine inaamka kwa namna ileile iliyoizoea. BIOS ikibadilika, inagoma. Tafuta ufunguo huo kwenye akaunti ya Microsoft, lakini uliza kwanza: ya nani? Watu wengi waliwekewa mashine na muuzaji au fundi aliyetumia barua pepe yake mwenyewe, na ufunguo uko kwake mpaka leo. Mrudie kabla hajabadilisha namba ya simu. Na kwenye mashine za AMD, ukiulizwa kuhusu fTPM (TPM iliyo ndani ya prosesa) uchague Y au N, nawe ufunguo huna, bonyeza N. Ukibonyeza Y, zile siri zinafutwa. Wenye busara huisitisha BitLocker kwanza, ndipo wanasasisha.

Kwenye kompyuta za mezani zenye diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, kinachorudi kiwandani ni CSM, setingi inayoiruhusu BIOS kuwasha diski za mtindo huo: inazimika, na mashine inasema haina cha kuwakia. Iwashe, basi.

Kisha kuna kioo cheusi. Bodi za AM5, yaani za prosesa mpya za AMD, zenye RAM ya DDR5 zikitoka kusasishwa huanza kuipima RAM upya, na dakika kadhaa zinaweza kupita feni zinazunguka bila picha yoyote. Mtu anachomoa waya, anawasha, anachomoa tena, na kila mara anakatiza kazi ileile. Subiri robo saa. Ikigoma kabisa, chomoa umeme, toa ile betri ya mviringo ya CR2032, kaa dakika tano, irudishe. Hata BIOS yenyewe ikiwa imeharibika, bodi nyingi za mezani zina kitufe nyuma cha kuiandika upya kutoka kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32.

Baadhi ya mafundi wenzangu wanasema dawa ni kutosasisha kabisa. Siafikiani nao. Mwaka 2024 baadhi ya prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinajiharibu kwa kupokea volti kubwa kupita kiasi, na kinga ilikuja kupitia sasisho la BIOS. Mwenye prosesa hizo aliyekaa bila kusasisha aliiacha iendelee kujiharibu, na ikishaharibika sasisho haliiponyi. Sasisha pale penye sababu, betri ikiwa imejaa au UPS ikiwa ipo, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika chipu, hapo ndipo bodi inapokufa kweli.

Na kabla ya kugusa, chukua simu upige picha kila ukurasa wa BIOS. Mimi sasa naandika pia. Chini ya laptop ya mwalimu kuna kikaratasi chini ya seloteipu: VMD imezimwa, BitLocker haipo, tarehe, na namba yangu ya simu.