Mama Mkwe Apandishwa Utukufuni kwa Taa za Rangi

Keria ya gari, katika asili yake, ni chombo cha kazi: mabomba ya chuma yaliyochomelewa juu ya paa ili yabebe magunia ya mahindi, vitanda, mabati, mbuzi aliyefungwa miguu na, katika sehemu zetu za magharibi mwa Kenya, jeneza. Vijana wenye matatu wameiongezea kazi ya pili, ambayo ni kung'aa. Mpwa wangu, mwenye matatu ya abiria 14 mjini Kisumu, aliwaendea mafundi wa jua kali wa Kibuye, wakamtengenezea keria mpya ya mabomba ya mraba. Walikata mfereji katika kila bomba, wakalaza humo ukanda wa taa ndogondogo za LED, kisha wakafunika kwa plastiki nyeupe isiyoingiza maji, wakachomelea ncha zote, hata ikawa kuzing'oa taa hizo ni sawa na kuing'oa keria yenyewe.

Alinieleza kwa fahari kwamba kila mita ya ukanda ule ina taa 60, na kwamba ndani ya kila taa mna punje tatu, nyekundu, ya kijani na ya buluu, ambazo huchanganya mwanga wao hadi zikapata karibu rangi yoyote mtu aitakayo. Mita 5, alisema, hula wati 72, yaani ampea 6 za betri ya volti 12. Rangi zote huamriwa kwa bluetooth kutoka katika programu iliyomo kwenye simu yake. Jambo alilolitaja mwisho ndilo lililokuja kutusumbua: kijisanduku kinachoziendesha taa hizo kina maikrofoni, na kikiwekwa katika hali ya muziki, taa huruka na kubadilika kwa kufuata sauti yoyote inayosikika karibu. Maikrofoni hiyo haina ubaguzi wala adabu. Haitofautishi gitaa la benga na kikohozi cha mzee wa kanisa.

Sasa, mama mkwe wangu alikuwa askari wa kanisa la Jeshi la Wokovu tangu usichana wake. Jeshi hilo lilifika Kenya mwaka 1921 na lina mizizi mirefu huko Maragoli, na kwao muumini hafi, bali hupandishwa utukufuni. Alipopandishwa, akiwa mkongwe aliyeona vitukuu, kamati ya mazishi ilinikabidhi mimi jukumu la usafiri, kwa maana mkwe ndiye mtu pekee katika kamati anayetarajiwa kulipa bila kuuliza maswali. Nilikodi gari rasmi la kubebea maiti, jeusi, lenye mapazia. Gari hilo lilichemka na kugoma pale Mamboleo, kabla hata ya kuanza kuupanda mlima wa kwenda Kiboswa.

Mpwa wangu alipopigiwa simu hakusita, na kwa hilo namshukuru. Alimwagiza dereva wake atufikie upesi na ile matatu, jeneza likafungwa juu ya keria kwa kamba imara, shangazi wakaingia ndani na safari ikaendelea. Yeye mwenyewe alikuwa Nakuru kwa shughuli zake, pamoja na simu yake, pamoja na ile programu. Bluetooth hufika mita 10 hivi kukiwa na bahati, na Nakuru iko zaidi ya kilomita 150 kutoka pale tulipokuwa.

Tulipofika Kiboswa giza lilikuwa limeingia, na dereva akawasha taa kubwa. Fundi wa Kibuye, kwa kutaka kuokoa waya na swichi, alikuwa ameunganisha taa za keria moja kwa moja na taa kubwa za mbele. Sisi tuliokuwa ndani hatukuona kitu. Tulichoona ni watu wa sokoni wakisimama, wakitutazama, kisha wakianza kushangilia. Watoto walitukimbilia kandokando ya barabara. Mwanamke mmoja mwenye kikapu alinyoosha mkono na kuuliza nauli ya Chavakali, naye kondakta wetu, ambaye kazi imemwingia hadi kwenye mifupa, akamjibu, "Mia, mama, panda haraka!" kabla ya kukumbuka tulichobeba na kujiziba mdomo.

Niliteremka kutazama. Jeneza lilikuwa limezungukwa na mwanga wa zambarau uliokuwa ukipumua. Waendeshaji wa bodaboda waliokuwa wakitusindikiza na matawi ya miti, kama ilivyo desturi, walipiga honi kwa pamoja, na zambarau ikageuka kijani iliyokimbia kuzunguka paa lote. Ndipo dada wa marehemu, aliyekuwa ndani ya gari, alipomwita marehemu kwa sauti ya juu ya kilio, na mwanga mwekundu ukapita kutoka kichwani hadi miguuni na kurudi.

Msomaji atauliza kwa nini sikupanda juu nikakata waya. Huku kwetu mkwe hamshiki mama mkwe wake hata mkono wa salamu, wala hakai naye karibu, sembuse kumpandia juu huku akiwa amelala. Kondakta alijitolea kupanda, akaupata ule mshono wa chuma, akashuka akisema panahitajika msumeno. Dereva alizima taa kubwa, jeneza likatulia katika heshima yote, nasi tukabaki hatuoni barabara. Alipoziwasha tena, marehemu aling'aa.

Kabla ya Majengo tulisimamishwa na afisa wa trafiki. Alitukaribia akifoka kwamba taa nyekundu haifai kuonekana upande wa mbele wa gari, kwamba hizo za buluu ni za magari ya dharura, na kwamba tungelala ndani sote pamoja na huyo tuliyempambia gari. Alikuwa na sauti nene ya paredi, na kila alipofika kwenye neno zito, keria ilimjibu kwa rangi mpya.

"Zima hizo!" aliamuru. Dereva akazima.

"Sasa mbona gari liko gizani? Washa!" Dereva akawasha, na amri ile ya mwisho ikalipuka juu ya paa kwa manjano.

Afisa aliinua macho kuifuata ile manjano na kwa mara ya kwanza akaliona jeneza. Alivua kofia. "Poleni," alinong'ona, na keria ikatoa mwako mdogo wa waridi. Akatuashiria kwa kidole tupite, bila kuongeza neno.

Nyumbani, ndani kidogo kutoka Mbale, stima zilikuwa zimepotea na jenereta ilikuwa haijapata petroli. Mwanga pekee wa kuwawezesha vijana kulishusha jeneza bila kulidondosha ulikuwa ni wa taa zetu kubwa, na taa kubwa zilikuja na ndugu zao wa juu. Shemeji yangu mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu na mtu wa kanuni, alitoka mbele ya waombolezaji na kuwasihi walie bila sauti. Alifafanua kwamba machozi yameruhusiwa, lakini mayowe yaahirishwe hadi gari lizimwe. Umati wa watu waliokusanyika kulia ulisimama kimya, wakivuta kamasi kwa tahadhari, na kila kamasi iliyovutwa kwa nguvu iliandikwa juu ya keria kwa buluu hafifu.

Shangazi walileta leso zao kufunika yale mabomba. Wazo lilikuwa jema, ila leso ni kitambaa chepesi: mwanga ulipenya, na misemo iliyochapishwa pembeni ikasomeka vizuri zaidi kuliko mchana. Leso iliyoangukia upande wa kichwa ilikuwa na fumbo la wake wenza, ambalo sitalirudia hapa, na kuna mzee mmoja aliyelisoma kwa sauti hadi mwisho.

Hata hivyo kimya kilishika. Vijana sita walikuwa wamekwisha kupanda kushika pembe za jeneza wakati binamu wa marehemu alipowasili kutoka Eldoret. Mama huyo alikuwa ameuhifadhi uchungu wake njia nzima ili autoe langoni, kama inavyostahili, na hakuna aliyekuwa amempasha habari za maikrofoni. Aliutoa. Sijui niieleze vipi ile rangi, kwa sababu zilikuwa zote kwa wakati mmoja, na ukuta wa nyumba, migomba, kuku waliokuwa wamelala mtini na nyuso za wakwe zangu wote zilionekana waziwazi, zikinitazama mimi.

Aliyeniokoa ni Sajini Mkuu wa kanisa, mzee mwembamba aliyevaa sare yake nyeupe. Alikuwa amesimama muda mrefu akizichunguza taa zile kwa mikono nyuma. Hatimaye aligeuka na kutangaza kwamba bendera ya Jeshi ni nyekundu, buluu na manjano, kwamba yeye ameziona rangi zote tatu juu ya gari hilo, na kwamba zile nyingine hazimhusu. Kisha akamwambia mpiga ngoma, "Piga."

Ngoma kubwa ya Jeshi la Wokovu haibembelezi. Pigo la kwanza liliiwasha keria nzima, matari yakaingia, akina mama wakaanza wimbo na watu waliokuwa wamezuiliwa kulia wakaupokea kwa vifua vyao vyote. Jeneza liliteremshwa likifuata mdundo, huku taa zikifuata mdundo uleule bila kukosea hata pigo moja, jambo ambalo mpiga ngoma mwenyewe hakulifanikisha. Marehemu, ambaye alipiga tari kanisani hadi vidole vilipokataa, alibebwa hadi ndani ya nyumba yake kwa nuru ambayo kijiji hakijapata kuiona.

Nilijificha nyuma ya gari nikisubiri kuitwa na wazee. Niliitwa na baba mkwe. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha uvivu, fimbo magotini, na kwa muda hakusema kitu.

"Mkwe," aliniuliza mwishowe, "hilo gari ni la nani?"

"Ni la mpwa wangu, baba. Tunaomba radhi sana."

"Mwambie asiliuze," alisema. "Siku yangu ikifika, nisije nikaletwa hapa na lile jeusi lenye mapazia."

Nilimpigia mpwa wangu usiku uleule kumweleza ujumbe huo kwa unyenyekevu na majonzi yote yaliyostahili. Aliniuliza mzee anapenda rangi gani.