Bastola ya kiunoni uwanjani: iwe na risasi au iwe tupu?

Mlenga shabaha anasubiri zamu yake. Bastola imo kwenye holsta, mfuko wake wa kiunoni. Je, chemba, sehemu ya nyuma ya mtutu inayoshika risasi tayari kupigwa, iwe na risasi? Viwanja vinavyosema "hapana" hujulikana kama viwanja baridi, vinavyosema "ndiyo" ni viwanja moto, na ubishi kati ya pande hizi mbili ni wa miaka mingi.

Jeff Cooper wa Marekani, ambaye kanuni zake nne za usalama wa silaha hufundishwa karibu kila klabu, anahusika na pande zote mbili. Mwaka 1976 alifungua shule yake ya bastola Arizona, na mwaka huohuo akawa rais wa kwanza wa IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya bastola. Shule hiyo imeshika njia ya uwanja moto. IPSC ni baridi kabisa. Kanuni ya kwanza ya Cooper, kwamba kila silaha ichukuliwe kuwa ina risasi, inatajwa na kila upande kama ushahidi wake.

Wa uwanja moto wana hoja nzito. Bastola nzima iliyotulia ndani ya holsta ngumu inayofunika triga ni nadra sana kufyatuka yenyewe. Hatari huja mkono unapoigusa. Mashindano ya hatua sita kwenye uwanja baridi humlazimu mshindani kuijaza bastola mara sita na kuitoa risasi mara sita, yaani nafasi kumi na mbili za kukosea. Tena risasi ileile ikiingizwa chemba mara kwa mara, kichwa chake husukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Nafasi ya baruti hupungua, na shinikizo hupanda vibaya siku itakapopigwa. Isimamishe kando ya risasi mpya kutoka boksi lilelile: ikionekana fupi, usiipige.

Hata hivyo, uwanja baridi haukubuniwa kwa ajili ya mtu mmoja makini. Umebuniwa kwa watu arobaini wenye viwango tofauti, wengine wakiwa na mwezi mmoja tu tangu waishike bastola. Hapo bastola hujazwa kwa amri tu, mbele ya ofisa wa uwanja, mtutu ukielekea kwenye tuta la udongo. Mtutu wako ukivuka nyuzi 90 kushoto au kulia, umetolewa mashindanoni. Anayetaka kufanya mazoezi ya kuchomoa huenda eneo la usalama, na huko hata risasi bandia ni marufuku kushikwa, kwa kuwa bandia na halisi huchanganyika mfukoni.

Nguvu ya uwanja baridi hasa iko kwenye kutoa risasi. Toa magazini, kibweta cha risasi, kwanza. Kisha vuta nyuma slaidi, kipande cha juu cha bastola kinachoteleza, risasi ya chemba iruke nje. Ishikilie slaidi wazi, tazama chemba, ofisa naye atazame. Iachie, elekeza mtutu kwenye tuta, vuta triga, rudisha kwenye holsta. Kosa linalojirudia ni kugeuza mpangilio: mtu anavuta slaidi magazini ikiwa bado ndani, risasi moja inaruka, nyingine inapanda chemba palepale. Kisha anatoa magazini na kuamini kazi imekwisha. Kosa la pili ni kucha ya kuvutia ganda iliyovunjika au kujaa masizi. Slaidi inakwenda na kurudi vizuri, risasi inabaki chemba. Asiyetazama atavuta triga na mlio utatoka. Kwenye uwanja baridi mlio huo unaishia udongoni. Mshindani anafungiwa siku hiyo, na hakuna aliyejeruhiwa.

Kwa klabu yenye wanachama mchanganyiko, naona uwanja baridi ndio sahihi, na sioni sababu ya kuyumba. Uwanja moto unafaa kundi dogo ambalo mwalimu anamjua kila mmoja. Lakini hesabu ya zile nafasi kumi na mbili ni ya kweli, na klabu nyingi baridi huipuuza mahali pabaya kuliko pote: maegesho ya magari. Mkenya mwenye leseni ya bastola ya kujilinda chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, aghalabu hufika akiwa nayo kiunoni, imejaa. Akiambiwa tu kwamba uwanja ni baridi, ataitolea risasi garini, mtutu ukielekea goti lake au mlango wa jirani. Kanuni za IPSC zinamtaka aende moja kwa moja kwa ofisa wa uwanja bila kuigusa. Klabu inapaswa kumwekea mahali: pipa la mchanga lililoinamishwa langoni, au njia moja ya kupigia iliyotengwa, na mtu wa kumsimamia akifika na akiondoka.

Nyumbani hakuna ofisa. Glock, kwa mfano, haifunguki kwa usafi mpaka triga ivutwe, na mvutano huo ukifanyika mezani sebuleni juu ya chemba isiyotazamwa, tuta la udongo halipo. Risasi zikae chumba kingine wakati wa kusafisha. Chemba itazamwe mara mbili, ipapaswe kwa kidole kidogo, halafu mtutu uelekezwe kwenye ndoo iliyojaa mchanga mkavu kabla ya triga kuguswa.